Nani Alishika Miguu?

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize. Nimechoka mimi. Kila nikisimulia kisa hiki kuna mtu pembeni anazuia kicheko, na mwingine ananiuliza kama siku hiyo nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimekula, tena nimeshiba, wali na maharage ya shangazi yangu. Homa sikuwa nayo. Kulewa usiniambie, mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, nimelelewa Kiislamu, pombe hata ladha yake siijui. Haya yalinitokea mimi, hapa hapa Brussels, miaka ile ya tisini. Majina nimeyabadilisha, na usidhani nimewahurumia wale wawili. Nimefanya hivyo kwa ajili ya mama mmoja ambaye ameumizwa vya kutosha.

Halafu kuna hili. Watu wakisikia habari za mizimu wanataka usiku wa manane, makaburi, mbwa wanabweka. Wangu mimi alikuja saa ya chai. Taa zote zinawaka, redio inapiga kelele, wanawake wanagombea kiti. Sasa niambie, hapo ningeotaje ndoto?

Nianze mwanzo. Miaka ile wanafunzi wa hapa walikuwa na mtindo wao, na nadhani bado wanao: likizo ya Pasaka ikifika wanajikusanya marafiki, wanapanda ndege ya bei rahisi, wanakwenda kwenye hoteli za ufukweni huko kwenye joto, Santo Domingo na kwingineko. Wanalala juani mchana, wanacheza muziki usiku, wanarudi wamebabuka kama viazi vya kuchoma. Zamani ilikuwa mambo ya Wazungu. Baadaye na sisi tukaiga. Na mimi, niseme kweli, nilitamani sana. Wewe hujui mvua ya Brussels. Inaanza mwezi wa kumi, inakuingia mpaka kwenye mifupa, na mwezi wa nne bado ipo inakuangalia tu. Nilitaka jua. Ni dhambi?

Safari hizo kwa upande wetu alizipanga Nadine. Nadine alikuwa msichana wa Bukavu, tunasoma chuo kimoja, yeye amenitangulia mwaka. Mcheshi, mdomo mtamu, kila mtu rafiki yake. Ukiwa na shida Nadine anajua mtu wa kukusaidia. Nilimpenda, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Sasa, mwaka uliotangulia, Nadine alikwenda na wenzake, na katika hao alikuwamo msichana aliyeitwa Béa. Béa hakurudi hai. Mimi wakati ule nilikuwa bado nasoma mji mwingine, Liège, kwa hiyo kilio chake sikukiona, wala mama yake sikuwa namjua. Niliyoyajua yote nilisimuliwa na Nadine mwenyewe, huku anafuta machozi kwa kiganja. Béa hakujua kuogelea. Mama yake alimruhusu kwenda kwa sharti moja tu, kwamba hataingia baharini, hata mguu. Akamwapia mama yake. Basi, kwa maneno ya Nadine, jioni ya mwisho Béa alikunywa, akakaidi kila mtu, akatoroka kwenda kuogelea peke yake. Wakamwokota asubuhi.

"Tulimukataza," Nadine akaniambia. "Tulimukataza sana, lakini Béa alikuwa na kichwa nguvu."

Na mimi nikaamini. Kwa nini nisiamini? Tena nilisikia kwa watu kwamba yule mama, Maman Béa kama wote walivyomwita, amegoma kabisa kufanya misa ya kumaliza matanga. Padri amekwenda, majirani wamekwenda, hataki. Anawajibu kwamba mtoto alimwangalia usoni akamwapia uongo, sasa amwombee nini? Mwaka mzima mwanamke yule alikuwa amemkasirikia maiti. Hebu fikiria kuishi hivyo. Unamlilia mtoto wako na huku unamtukana.

Mwaka wangu mimi tulikuwa tunakwenda Nadine, mimi, kijana mmoja wa Goma jina lake Patrick, na Wabelgiji wawili wa darasa la Nadine. Patrick naye alikuwa kwenye ile safari ya kwanza. Mpole, hasemi sana. Nadine ilibidi amvute kwa nguvu aje tena, na mimi nikadhani ni woga wa kumbukumbu tu, kila mtu ana namna yake.

Wiki chache kabla ya kuondoka Nadine akaja na wazo la sare. Unatujua sisi. Kwetu Bujumbura na kwa Wakongo ni yale yale: watu wakiwa na jambo lao wanakata kitambaa kimoja, wanashona wote, harusi, sikukuu, kilio. Nadine akasema tufanye vivyo hivyo, hoteli nzima itugeukie. Akafungua kabati lake akatoa jora la kitenge, limebaki kama nusu, kijani na vipepeo vya manjano. Loo, kizuri! Kizito, kinang'aa, kile cha kweli.

"Umekitoa wapi?" nikamwuliza.

"Kilibakia kwetu. Mutu hakitumii. Donc tukitumie siye."

Akanipa nipeleke kushonesha. Akaniambia nisikipeleke Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, mafundi wa kule wanachelewesha, nikipeleke kwa fundi wa karibu na kwangu Molenbeek. Nilikuwa nakaa Molenbeek kwa shangazi, na chini ya nyumba yetu palikuwa na Mmoroko aliyekuwa anabadilisha zipu za suruali. Nadine akaongeza, tena akanishika mkono kabisa: "Na usivae hapa, eeh? Tutavalia kule kule. Hapa hapana."

Ona akili hiyo! Mmoroko atajuaje kitenge kile ni cha nini? Na mimi Mrundi niliyetoka Liège juzi, nitajuaje? Nikamwona Nadine ni mtu wa kupenda mambo ya kushtukiza, basi.

Siku moja kabla ya safari nikachukua nguo kwa fundi. Kaptula za wavulana, vigauni vyetu, na vitambaa vya kufunga kiunoni ukitoka majini. Nikazitia kwenye mfuko, nikapanda metro kwenda Matonge kusuka, kwa sababu bahari na nywele zangu havipatani bila rasta. Kutoka kituoni mvua ikanishukia. Mwavuli sina. Nikafanya nini? Nikavuta kitambaa kimoja mfukoni, nikajifunika kichwa na mabega, nikakata barabara ya Chaussée de Wavre mbio mbio.

Nikaona watu wananitazama. Mwanamke mmoja muuza samaki wakavu, mama mtu mzima, akatoka hadi mlangoni, akanyamaza, akafanya ishara ya msalaba. Mwingine akaninong'oneza wakati napita: "Pole, mwanangu." Pole ya nini? Nikasema labda ni pole ya mvua. Nikaingia Galerie d'Ixelles nikitiririka maji.

Saluni niliyokwenda ilikuwa mwisho wa ule ujia wa maduka, ndogo, na msusi wake tulimwita Maman Rose. Alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, amenipa mgongo, akaniambia bila kugeuka nikae kwenye benchi nje ya kioo ningoje. Nikakaa. Mle ndani wanacheka, dada mmoja anapigana na kikaushio. Nilitandaza kile kitambaa magotini kikauke.

Hapo ndipo msichana mmoja akaja akakaa kando yangu. Sikumwona anatokea wapi, lakini hilo si ajabu, watu wanapita pale kama sokoni. Nilichokiona kwanza ni kitenge. Kile kile! Kijani, vipepeo vya manjano. Nikafurahi, wallahi nilifurahi. Nikajua Nadine ameongeza mtu wa sita na hakuniambia. Lakini chake hakikuwa kimeshonwa. Kilikuwa kipande kizima, hata ncha zake hazikupindwa, nyuzi zinaning'inia, amejifunika tu mabegani. Kimelowa chapachapa. Na ule ujia una paa, jamani. Mimi nililowa kidogo tu, yeye alikuwa anachuruzika.

"Mvua imekupata," nikamwambia.

Akanitazama. Alikuwa msichana mzuri, uso wa duara, midomo imekauka inapasuka. Akasema taratibu, "Munaenda kesho?"

"Kesho asubuhi. Na wewe?"

"Miye nilishaenda. Nilienda na Nadine."

Basi nikamgeukia vizuri, nina hamu. Nikamwuliza hoteli ikoje, chakula kikoje, na maji ya bahari, ni ya moto kweli kama wanavyosema?

"Juu ni moto," akasema. "Chini ni baridi."

Nikacheka mimi mjinga. Yeye hakucheka. Alinyoosha mkono akashika ncha ya kitambaa changu, akakipapasa kwa vidole, kama mtu anayeangalia ubora wa nguo dukani. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana, vile ngozi inavyojikunja ukikaa kwenye maji mno. Akaniuliza, akikiita kitenge kikwembe kama Wakongo: "Njo nani alikupa hii kikwembe?"

"Nadine."

"Alikuambia ni ya kufanya nini?"

"Ya ufukweni. Tuvae sare."

Akainamisha kichwa. Maji yakadondoka kutoka kwenye nywele zake yakapiga sakafu. Bega lake liligusa bega langu. Baridi! Nilitaka kusogea, mwili ukakataa.

"Miye sikuingia kwa maji," akasema. Sauti yake haikuwa ya kulia. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye hasira aliyekwisha kupaza sauti mpaka ikakatika. "Mama anasema nilimudanganya. Kila siku anasema. Miye niko nasikia. Niliahidi, na sikuingia. Wende ubaulize. Nani alishika miguu, na nani alishika mikono."

"Niwaulize kina nani? Dada, sikuelewi."

"Baulize tu. Bao batakuelewa."

Maman Rose akanipigia kelele kutoka ndani: "Weye mutoto wa Burundi! Unaongea na nani pale?"

Nikageuza kichwa kumjibu. Kugeuka tu, kidogo hivi. Niliporudisha macho, benchi tupu. Nikasimama nikatazama ujia wote, huku na huku. Hakuna aliyekuwa anakimbia, hakuna mlango uliokuwa unafungwa. Pale alipokaa palikuwa na maji, yamejaa kwenye bonde la benchi na kumwagika chini. Usinitazame hivyo. Maji yalikuwepo, na Maman Rose mwenyewe aliyaona, akatoka na kitambaa cha kupangusia, ananifokea kwamba nimemlowanishia benchi. Nikatia kidole, nikakilamba. Sijui kwa nini nilifanya vile. Yalikuwa maji ya chumvi.

Ndipo Maman Rose akaona kitenge magotini kwangu. Uso wake ukabadilika. Akakinyakua.

"Ulitoa wapi hii?"

"Nimepewa. Kwa nini kila mtu..."

"Hii ni ya kilio ya Béa! Mama yake njo alikata hii, siye bote tulivaa hii siku ya kumuzika! Na weye umeishona kaptula?" Alikuwa ameufungua mfuko wangu, ameshika kaptula ya Patrick mikononi, ananitikisia usoni. "Kaptula! Sanduku lilikuja limefungwa kabisa, hata uso wa mutoto hatukuona. Mama yake akatandika kipande kizima juu ya sanduku, tukazika nacho. Ingine ilibakia akamupa Nadine aitunze, mpaka siku ya kumaliza matanga. Weye nani amekupa?"

Mtume! Kipande kizima. Hakikushonwa. Amejifunika mabegani. Nikaigeukia tena ile benchi. Nilitaka kulia na nikashindwa, na badala yake kikaja kitu kingine. Hasira. Sijawahi kukasirika vile tangu nizaliwe. Unielewe vizuri, sikukasirikia mzimu. Yule maskini alinikosea nini? Nilimkasirikia yule aliyenishika mkono akaniambia nisivae hapa. Alijua. Alijua tangu siku ya kwanza, akanivisha kilio cha mtu nikachezee muziki ufukweni.

Sikusuka. Nikazichukua nguo mikononi mwa Maman Rose, nikazirudisha mfukoni nikatoka, mvua inanipiga, nikakwenda mpaka kwenye chumba cha Nadine, kile chumba cha wanafunzi cha ghorofa ya tatu. Ilikuwa jioni, bado kuna mwanga. Mlango uko wazi, muziki unalia, Nadine amepiga magoti juu ya sanduku lake la safari anajaribu kulifunga, Patrick amekaa dirishani. Wale Wabelgiji walikuwa hawajafika, na afadhali.

"Ah, sare zimefika!" Nadine akasema.

Nikaumwaga mfuko wote kitandani. Patrick akageuka. Alikuwa hajaviona vile vitambaa, Nadine hakumwonyesha. Alipoviona, alisimama akaegemea ukuta, uso wake ukawa wa majivu.

"Nadine," akasema. "Hii ni ya Béa."

"Ni kikwembe tu," Nadine akajibu. "Ilikuwa inaoza kwa kabati. Écoute, mama yake hata misa hataki, ataitumia lini?"

Macho makavu! Nadine aliniangalia mimi kwa macho makavu, kama vile mimi ndiye niliyeharibu jambo. Nikazima muziki. Nikamwambia, "Nina swali moja tu. Nani alishika miguu, na nani alishika mikono?"

Ungeona mdomo wa Nadine ulivyofunguka.

"Nani amekuambia?" akasema.

Hakusema "unamaanisha nini." Hakusema "una wazimu." Alisema nani amekuambia, na hapo hapo nikajua kila kitu ni kweli.

Patrick akateleza kwenye ukuta mpaka chini. "Miye," akasema. "Miye nilishika miguu."

Yakatoka yote. Wanafunzi wale walikuwa na mchezo wao wa siku ya mwisho: mtu anakamatwa akiwa na nguo zake, viatu vyake na vyote, anabebwa hadi mwisho wa gati ya mbao, moja mbili tatu, anatupwa majini, watu wanapiga makofi. Jua lilikuwa linazama. Wamekunywa wao. Béa hakunywa, hata hilo lilikuwa uongo! Alikuwa amevaa gauni tayari kwa chakula cha jioni. Patrick akashika miguu, Nadine akashika mikono. Béa akapiga kelele, wao wakacheka, kwa sababu kila aliyetupwa siku ile alipiga kelele. Wakamtupa. Halafu wakakimbia kurudi, muziki ulikuwa umeanza, wakidhani atapanda ngazi ya gati mwenyewe. Hawakuangalia nyuma. Chakula kilipokwisha ndipo wakakumbuka kuwa hawajamwona.

"Ilikuwa mchezo," Nadine akasema. Sasa alikuwa analia, lakini mimi machozi ya Nadine nilikuwa nimeshayaona. "Kila mutu alitupwa! Miye pia nilitupwa! Tungesema nini? Na weye, ukienda kusema sasa, utamuua yule mama. Ni ile unataka?"

"Mama yake anamtukana mwanawe mwaka mzima!" nikamfokea. "Anamtukana kaburini! Na wewe unakwenda pale, unakunywa chai yake, unamwambia pole!"

"Ni juu ya kumulinda."

Kumlinda! Thubutu! Niliokota nguo zile moja moja, maana mikono ilikuwa inataka kufanya jambo lingine, na nilijua nikiuruhusu mkono mmoja tu ushuke kwenye uso ule sitaacha. Nikampa maneno yake usoni, siyarudii hapa, shangazi angenisikia angenitoa nje. Nikashuka ngazi. Nilipofika chini nikasikia viatu nyuma yangu. Alikuwa Patrick. Hakuvaa hata koti.

"Siijui njia ya kwa Maman Béa," nikamwambia.

"Miye naijua," akasema.

Maman Béa alitufungulia akiwa na kanga kiunoni na mwiko mkononi. Mwanamke mfupi, amekonda. Alimtambua Patrick, akatukaribisha, akatutolea viti, akataka kutupa chakula. Nilipotoa vile vitambaa, akaviangalia, akaangalia zipu na kaptula, akakaa. Ukutani palikuwa na picha imegeuzwa, inatazama ukuta.

Sikumweleza mimi habari za benchi, si siku ile. Nilimwambia tu kwamba Patrick ana neno. Na Patrick, namshukuru kwa hilo peke yake, alisema. Hakujificha, hakusema tulikuwa wengi. Alisema: Maman, Béa hakuingia kwa maji. Tulimutupa. Miye nilishika miguu.

Mimi nilingoja kelele. Nilingoja mwiko umshukie Patrick kichwani, na ungemshukia nisingeuzuia. Sufuria jikoni ikaanza kuungua, na yule mama hakuinuka. Kisha akauliza, polepole sana:

"Alilia?"

"Ndiyo, maman."

"Alisema nini?"

Patrick akamjibu. "Alisema, niacheni, nimeahidi mama."

"Na weye ulisikia ile?"

"Nilisikia."

Yule mama akafunika uso kwa viganja viwili, akasema maneno ambayo mpaka leo bado nayasikia kichwani. Alisema, "Alinisikia. Mutoto wangu alinisikia." Akayarudia, na akayarudia tena. Halafu akaanza kumwomba msamaha, lakini si kwa Patrick wala kwa Mungu. Alimwomba Béa, kwa jina lake, kama yumo mle chumbani amekasirika kwenye kona. Mwaka muzima nimekutukana, mama yangu. Mwaka muzima.

Nilinyanyuka nikazime jiko. Nilipotoka jikoni Patrick alikuwa amesimama mlangoni anataka kuondoka, na yule mama alikuwa ameshika shati lake. "Hapana," anamwambia. "Kaa. Leo utaniambia yote. Ile siku asubuhi aliamka saa ngapi? Alikula nini? Alivaa nini? Anza pale."

Nikawaacha.

Nadine alipanda ndege kesho yake. Ndiyo, unasikia vizuri. Alipanda ndege na wale Wabelgiji wawili, akakaa juani mpaka likizo ikaisha, akarudi ameng'aa, na nilipokutana naye Chaussée de Wavre akanisalimia, "Ça va?" kama jana tu tulikuwa tunasuka pamoja. Patrick alikwenda mwenyewe polisi na mama yule akiwa kando yake. Waliyomfanyia huko si ya kuyasimulia mimi. Misa ya kumaliza matanga ilifanyika mwezi wa sita, na kanisa lilijaa. Mimi Mwislamu nilikaa benchi la nyuma, nikamwombea kwa namna yangu.

Na mimi? Bega langu la kushoto, lile aliloligusa, halijapata joto tangu siku ile. Mwezi wa saba watu wanatembea na fulana, mimi nimejitupia shali. Madaktari wamenipima, wamenipiga picha, wanasema sina kitu. Baharini sijakwenda tena. Mume wangu alinisihi mwaka mmoja tuwapeleke watoto, nikamwambia wapeleke wewe, na ole wako mtu awarushe majini kwa mchezo.

Wewe unayenisikiliza, chukua hili. Ukipewa kitambaa kizuri bure, uliza kilikuwa cha nini. Mtu akikwambia hajui kuogelea, mwamini, na akipiga kelele umwache, hata kama wote wanacheka. Na usimsingizie maiti kwa kudhani hana mdomo. Anao. Mimi ameshanena nami.

Na wewe Nadine, maana najua kisa hiki kitakufikia, jina nimebadilisha lakini utajijua. Nasikia una watoto sasa, una nyumba, unaheshimika. Maman Béa bado anakaa pale pale. Nilimwuliza kwa nini hajawahi kukutafuta, akanijibu anangoja uje kwa miguu yako mwenyewe. Basi nenda, ungali na nafasi. Mimi Béa alikuja kuniuliza kwa upole, kwa sababu sikuwa nimemfanya kitu. Wewe sijui atakujia vipi.